Darubini Juu ya Kinu

Watu wakiiona darubini yangu, swali la kwanza huwa lile lile: "Inavuta mara ngapi?" Konda wa basi la Tanga kwenda Pangani aliliuliza baada ya kuridhika kwamba nilichopakata si pampu ya maji wala si mali ya magendo. Nikamjibu kwamba inavuta mara 26, na nikibadilisha lenzi, mara 65. Akaangua kicheko. Simu yake imeandikwa 100. Abiria mmoja wa kiti cha nyuma akadakia kwamba Kariakoo zipo za mara 525, tena na miguu yake mitatu. Basi zima likakubaliana kwamba nimepigwa.

Sikubishana, vumbi la njia ile halimruhusu mtu kufungua mdomo sana. Lakini ningepewa nafasi ningewaambia kwamba kuvuta ndiyo kazi ndogo kuliko zote za darubini. Kazi kubwa ni kukusanya mwanga. Mboni ya jicho gizani hufunguka milimita 7 hivi. Kioo cha darubini yangu kina upana wa milimita 130. Piga hesabu ya maeneo yake, utaona kioo kinazoa mwanga zaidi ya mara 300 ya ule unaoingia katika jicho tupu. Baada ya hapo kuvuta ni kugawanya tu: urefu wa fokasi wa kioo ni milimita 650, ukiweka lenzi ya kuchungulia ya milimita 25 unapata 26, ukiweka ya 10 unapata 65. Fundi anaweza kukuwekea lenzi ya kufikisha 500, nayo ikaingia tunduni bila shida. Utakachokipata ni ukungu mkubwa mahali pa ukungu mdogo. Wanaotumia vyombo hivi wana kanuni yao: chukua upana wa kioo au lenzi ya mbele kwa milimita, zidisha mara 2, usivuke hapo. Ile ya Kariakoo yenye lenzi ya milimita 60 mwisho wake ni 120, boksi liseme litakavyo.

Yangu ni Heritage 130P, inatengenezwa na Sky-Watcher. Shemeji yangu anayeishi Muscat aliniletea, akaifungia ndani ya kanzu na mashuka. Nusu ya juu ya bomba lake hushikiliwa na fito mbili zinazoingia na kutoka, hivyo ukitaka kusafiri unaisukuma chini inafupika. Chini kabisa pana ubao wa duara wenye mkono mmoja, na bomba limening'inizwa kwenye mkono huo. Unalisukuma kwa kiganja, juu, chini, kushoto, kulia. Hakuna mota, hakuna betri isipokuwa ile ndogo ya taa nyekundu ya kulengea. Uzito wote ni kilo 6 na kitu. Bei yake ni kama ya simu janja ya wastani, na simu hiyo huwa imechoka baada ya miaka mitatu.

Kitako cha namna hii kinaitwa kwa jina la John Dobson, aliyezaliwa Beijing mwaka 1915 na kukulia Marekani. Mwaka 1944 aliingia utawa wa Vedanta huko San Francisco, na kwa kuwa mtawa hana fedha, akaanza kuunda darubini kwa vitu vya kuokota: mbao za maplai, mabomba ya karatasi ngumu, na vioo vinene vya madirisha ya meli alivyovisugua kwa mkono mpaka vikabonyea inavyotakiwa. Usiku alitoroka na darubini zake kwenda kuwaonyesha watu mitaani. Mwaka 1967 wakamfukuza utawani. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kuonyesha anga barabarani, bure, kwa yeyote anayepita. Alifariki mwaka 2014. Hakuweka hakimiliki juu ya muundo wake, ndiyo maana kila kiwanda leo kinauunda, na mtu wa kawaida anaweza kuununua.

Siku ile ya basi nilikuwa nakwenda kwa dada yangu mkubwa, likizo ya mwezi wa kumi mwaka 2023. Pangani usiku bado ina giza la kweli. Ukivuka hatua chache nyuma ya nyumba za mbele, Njia ya Maziwa iko juu ya minazi. Na usiku wa pili umeme ukakatika mji mzima. Nadhani mimi ndiye mtu pekee niliyemshukuru Mungu.

Darubini ya mezani inataka meza, na hapa wanaoanza wengi hukwama. Meza za plastiki tunazozijua sote, zile nyeupe za harusini, hazifai kabisa. Kwa lenzi ya kuvuta mara 65, mtikisiko nao unavutwa mara 65. Mtoto akiegemea, Mwezi unaruka ruka. Nikazunguka ua wa dada nikitafuta kitu kizito, kifupi, chenye uso ulionyooka, na macho yangu yakatua kwenye kinu chake.

"Kinu changu?" dada akauliza.

"Nakipindua tu, dada. Nikimaliza nakirudisha."

"Kikipata ufa utanichongea kingine wewe."

Kinu kilichopinduliwa ndicho kitako bora kuliko vyote nilivyowahi kutumia. Gogo zima la mti mgumu, halitikisiki hata upepo wa bahari ukivuma. Kimo chake kinamfaa mtoto aliyesimama na mtu mzima aliyekaa kwenye kigoda. Tangu hapo, anayeniuliza juu ya stendi namwambia aangalie kwanza jikoni kwao.

Vitabu vingi vya wanaoanza huanzia mahali pengine. Vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani Kaskazini, na mara nyingi humpeleka msomaji kwenye kile kitako kinachotakiwa kuelekezwa kwenye Nyota ya Kaskazini ili darubini iufuate mzunguko wa anga. Pangani iko digrii 5 na ushei kusini ya ikweta. Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo wetu, usiku wote, mwaka mzima. Hata ukitumia dira badala yake, mhimili wa kitako hicho hapa unatakiwa kulala karibu sambamba na ardhi, na vingi vya bei nafuu havikuundwa kulala hivyo: chuma cha kusawazishia uzito kinagonga mguu wa stendi. Kitako cha Dobson hakijali uko digrii ngapi. Kisumbufu chake ni kimoja tu, utosi. Kitu kikiwa juu kabisa ya kichwa, ukisukuma bomba pembeni linazunguka bila kukipata. Na mwezi ule Zohali ilikuwa hapo hapo, karibu na utosi, mwanzo wa usiku. Dawa ni kusubiri ishuke kidogo magharibi.

Kusubiri huko kuna malipo. Sayari iliyo juu unaitazama kupitia hewa kidogo, basi haichezi chezi kama iliyo karibu na upeo. London mwaka ule Zohali haikufika hata digrii 30 juu ya upeo, na wenye darubini za mamilioni huko walikuwa wakiitazama kupitia hewa nzito inayotetemeka. Sisi tulikuwa nayo juu ya paa la makuti, imetulia, pete yake imeinama kidogo, na kando yake kidoa cha Titan, mwezi ambao Christiaan Huygens aliugundua mwaka 1655. Watu wa ikweta tumepewa anga la pande zote mbili. Kilimia na Andromeda za kaskazini tunazo. Msalaba wa Kusini, na Alfa ya Kantarusi ambayo darubini hii inaipasua ikawa nyota mbili, tunazo pia.

Watoto walijaa kabla sijamaliza kulenga. Hapo nilijifunza jambo ambalo sijalikuta kitabuni. Kwa lenzi ya kuvuta mara 65, kipande cha anga unachokiona hakifiki hata digrii moja, na dunia haisimami. Sayari huingia upande huu na kutokea upande ule kwa dakika 3 hivi. Watoto wakichungulia kwa zamu bila mtu kulisogeza bomba, anayefuata anakuta weusi mtupu. Naye, kwa kuwa amelelewa vizuri, atasema: "Nimeona, mjomba. Nzuri sana."

Watu wazima ndio zaidi. Hakuna anayetaka kumwambia mgeni kwamba chombo chake hakionyeshi kitu. Anainama, anakaa sekunde mbili, anatoa shukrani, anaondoka. Kule kwa kina Dobson nadhani mtu angesema tu kwamba haoni. Huku kwetu heshima inakula elimu, na mwenye darubini inabidi aizunguke. Nikaacha kuuliza "Umeona?" Nikawa nauliza, "Pete imelala vipi? Nionyeshe." Binti mmoja wa darasa la tatu akashika mkono wangu, akachora kiganjani duara kwa kidole, kisha akalikata kwa mstari ulioinama. Huyo kaona. Aliyefuata akatazama viatu vyake, nikajua sayari imetoka, nikasogeza bomba.

Na nikaacha kuwasimulia watakachokiona kabla hawajainama. Ukimwambia mtu kuna pete, ataona pete hata ukimwelekeza kwenye taa ya kivuko.

Mwezi ulipofika robo ya kwanza maswali yakabadilika. Siku hizo za robo, si za mwezi mpevu, ndizo za kuutazama, kwa sababu jua linapiga mashimo yake kwa ubavu na vivuli vinaonyesha kina. Kijana wa bodaboda alitaka nimwonyeshe bendera ya Wamarekani. Nikamwambia kioo hiki kikijitahidi sana, kitu kidogo kuliko vyote kinachoweza kukitenga kwenye Mwezi kina upana wa karibu kilometa 2. Akafikiri. "Basi hata Pangani nzima usingeiona vizuri." Hesabu yake ilikuwa sawa. Ustadhi wa madrasa ya jirani yeye aliuliza kama chombo kinafaa kutafutia mwezi mwandamo. Nikamwambia kinafaa, ila asikitoe mpaka jua lizame lote, kwa kuwa hilali changa hukaa jirani na jua na jicho likikosea mara moja limekwenda. Kama kuuona kwa darubini kunatosha kufunga au kufungulia, hilo nilimwachia yeye.

Aliyenifundisha zaidi hakuwa kwenye foleni. Alikuwa nahodha mzee, amekaa barazani kwa jirani anatafuna tambuu, anawatazama watoto wanavyosukumana. Nikaenda kumwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hicho kinaonyesha Kilimia?"

"Kinaonyesha, Mzee, lakini bado..."

"Bado, najua bado. Kitatoka pale." Akanyoosha kidole baharini, kaskazini kidogo ya mashariki. Mtu yeyote wa pwani wa umri wake anajua kwamba Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua: hupotea machweo wakati wa masika, mwezi wa nne na wa tano, na kurudi alfajiri mwezi wa sita mvua zikiwa zimekwisha. Mimi nililijua hilo kutoka kwenye chati ya nyota. Yeye alilijua kwa kupanga safari.

Kilipochomoza na kupanda kidogo nikaweka lenzi ya milimita 25, kikaenea chote. Nahodha akainama. Hakusema ameona. Alikaa muda ambao watoto walianza kunung'unika. Kwa macho yake siku zote alihesabu nyota sita, akasema. Humu ziko makumi. Nikangoja asifu.

"Nyingi hivi zitampoteza mtu," akasema. "Zile sita zinatosha."

Mshtarii ilikuwa imekwisha kupanda juu ya bahari, inang'aa kuliko nyota zote. Nikabadilisha lenzi. Akatazama tena vile vile, bila haraka, jicho moja limefumbwa kama anayelenga. "Ina vitoto vinne," akasema. "Vimejipanga mstari." Nilikuwa sijamwambia kitu. Nikamweleza kwamba ni miezi yake, inaizunguka, na wa ndani kabisa ambao wataalamu huuita Io hukamilisha mzunguko kwa siku 1 na saa 18 na nusu. Akauliza ni upi huo. Nikamwonyesha. Akanyanyuka, akaenda zake kwa wenzake pwani.

Ilikuwa yapata saa sita, watoto wamekwisha kulala, aliporudi. Akainama bila kuniuliza. "Kimejongea," akasema. "Kile cha ndani. Kimejongea kwelikweli." Kisha: "Hii ni saa, mwanangu. Tena haitaki betri."

Galileo alipoiona miezi hiyo kwa mara ya kwanza Januari 1610, kwa darubini duni kuliko hii iliyokuwa juu ya kinu cha dada, wazo lile lile lilimjia. Ikiwa miezi hii ina ratiba, na mtu yeyote duniani anaweza kuitazama, basi ni saa moja ya watu wote. Baharia akiwa na majedwali yake angelinganisha saa ya Mshtarii na saa ya mahali alipo, akajua yuko umbali gani mashariki au magharibi. Galileo aliwapelekea Wahispania wazo hilo, baadaye Waholanzi. Nikamweleza nahodha yote haya.

"Kwenye dau?" akauliza. "Uchungulie humu, na mawimbi?" Akatikisa kichwa. "Huyo bwana hakuwa baharia."

Ndivyo ilivyokuwa. Baharini njia hiyo ilishindikana kwa sababu hiyo hiyo, sitaha haitulii. Nchi kavu ilifaulu: Giovanni Cassini alichapisha majedwali yake mwaka 1668, na wapimaji wa Ufaransa wakayatumia kusahihisha ramani ya nchi yao. Na mwaka 1676, mjini Paris, Mdenmark Ole Rømer akiwa anafuatilia nyakati za Io kuingia kivulini, aliona zinachelewa dunia inapokwenda mbali na Mshtarii na kuwahi inapokaribia. Akasema mwanga haufiki papo hapo, unachukua muda njiani. Saa isiyotaka betri ya nahodha ndiyo iliyotuambia kwamba mwanga una mwendo.

Nimemiliki chombo hiki miaka kadhaa sasa, na kila ninapoulizwa ni darubini gani ya kuanzia, jibu langu linatoka barazani pale. Kubwa ingeonyesha zaidi, sibishi. Kioo cha milimita 250 kingemwonyesha nahodha mikanda ya Mshtarii kwa rangi zake. Lakini kioo hicho kisingepanda basi la Pangani, na yeye asingefunga safari kuja kukitafuta ninakoishi. Anga letu lina wenyewe, waliolisoma kwa miaka kabla vitabu vyangu havijafika, na chombo kinachofaa ni kile kinachoweza kubebwa mpaka walipo, kikae juu ya samani yao, kitulie.

Kuhusu utunzaji sina mengi. Hewa ya chumvi ni adui wa kioo, kwa kuwa uso wake umepakwa alumini nyembamba kupita kiasi. Ukirudi kutoka pwani acha umande ukauke kabla hujafunika, kisha tia ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Usikifute kioo kwa kitambaa. Vumbi kidogo halidhuru, mikwaruzo inadhuru. Barabara mbovu hupindua vioo viwili kidogo visitazamane sawasawa, basi jifunze kuvilinganisha kwa skrubu zake mapema. Ni kazi ya dakika chache na haihitaji fundi. Na ukishaitoa nje, iache nusu saa ipoe kabla ya kuilaumu.

Walimu wenzangu nawaomba jambo moja. Darubini kadhaa ziko katika makabati ya shule zetu, zimefungwa kwa hofu kwamba watoto watazivunja. Zitoeni siku ya robo ya kwanza, saa moja na nusu jioni. Pete za Zohali zilikuwa zimetugeuzia ubavu mwaka 2025, karibu hazikuonekana. Sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka, na zitaendelea hivyo mpaka mwaka 2032. Mtoto aliye darasa la kwanza leo atakua nazo.

Ila mchana ziacheni ndani. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa; kupatwa kamili kutapita Misri, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia, na huku pwani yetu tutaona sehemu tu ya jua ikiliwa. Watu watazikumbuka darubini zao siku hiyo. Asiye na kichujio cha jua kinachofunika mdomo wote wa mbele wa bomba asiielekeze juu hata kwa nukta moja, na asimruhusu mtoto kuisogelea.